Kinanda cha Harusi ya Wifi

Wifi yangu mtarajiwa alikuwa anaolewa Jumamosi. Ijumaa mchana nilikuwa uani kwao, Makole, nachambua mchele wa Bahi pamoja na shangazi zake wawili waliotoka Kongwa. Ilikuwa mara yangu ya pili tu kufika pale kama mchumba wa kaka yake, kwa hiyo nilichambua kwa bidii kubwa kuliko mchele wenyewe ulivyohitaji.

Sebuleni kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi na kinanda kipya. Miaka ile maduka ya Dodoma yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu, na kinanda hicho kililetwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Dubai. Katikati ya wimbo kikanyamaza. Kiongozi wa kwaya akatoka nje na kile kiboksi kinachopunguza umeme wa ukutani ili kinanda kiweze kuutumia.

"Fyuzi imeungua," akasema. "Nani ana ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara niizungushie?"

"Usifanye hivyo, utaunguza na kinanda!"

Nilijisikia nimepayuka. Shangazi wakanigeukia. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kwani unavijua hivi vitu, mwanangu?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Natengeneza redio."

"Ha! Mimi niliambiwa tu ni fundi, nikajua cherehani! Nimeshakuwekea magauni matatu ya kupunguza!"

Akacheka mpaka akajishika kiuno, shangazi nao wakaangua kicheko, na ile haya niliyokuja nayo ikaniondoka.

Chumba nilichopanga hakikuwa mbali. Nilikwenda mbio nikarudi na mita, bisibisi na chuma cha kulehemu. Fyuzi haiungui bila sababu, kwa hiyo sikuigusa kwanza, nilitafuta kilichoiunguza. Nikapima transfoma, ikawa nzima. Nikafika kwenye daiodi nne, ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja tu. Tatu zilikuwa sawa. Ya nne ilipitisha pande zote mbili, kama mlango uliong'oka bawaba.

"Nimempata," nikasema.

"Mfukuze!" akajibu shangazi mkubwa.

Tatizo likawa daiodi nyingine itoke wapi, maana maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa kwa sala ya Ijumaa, na mchana ulikuwa unakwenda. Mama akanionyesha kwa kidevu redio kubwa ya mbao juu ya kabati la sebuleni. Ilikuwa ya baba mkwe, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Nikaenda barazani alikokaa, nikapiga goti.

"Shikamoo, baba. Naomba nifungue redio yako, nitoe vipuri viwili vitatu."

"Imenyamaza tangu bibi harusi yuko darasa la kwanza," akasema. "Fungua. Lakini nitakaa hapo nione."

Akavuta kiti, akakaa. Nikalehemu daiodi ya redio yake, nikaweka na fyuzi yake, tukawasha. Fyuzi ikakaa! Watu wakapiga vigelegele, lakini kinanda kilipoguswa, kikatoa muungurumo mzito nyuma ya kila sauti.

"Sasa ameingia fahali," akasema baba mkwe, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania.

Fahali alikuwa kapasita, ile inayotuliza umeme usitetemeke. Kichwa chake kilikuwa kimevimba. Nikachukua ya redio, nikahakikisha upande wa hasi umekaa kwenye hasi, nikaunganisha. Tulipowasha tena, sauti ilitoka safi kabisa. Bibi harusi akatoka chumbani mbio, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akamkumbatia baba yake, kisha akanikumbatia mimi.

Kesho yake, ukumbini, kinanda hakikukatika hata mara moja. Jioni shangazi wa Kongwa walibana ngoma zao katikati ya mapaja, wakaanza mdundo wa Kigogo bila kumwomba mtu ruhusa. Mpiga kinanda akahangaika kuwafuata, akawapata, na ukumbi mzima ukasimama. Mchumba wangu akanishika mkono akanivuta katikati. Nilicheza nimevua viatu, na mpaka leo sikumbuki niliviacha wapi.