Shayiri Katika Joto la Garsen

Kalama Chengo alirudi Garsen akiwa na miaka hamsini na minane, begi moja la nguo, na ujuzi ambao hakuna mtu pale aliyeuhitaji. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika kiwanda cha kimea huko bara, kwenye baridi, akigeuza shayiri iliyolowekwa ili ichipue sawasawa kabla ya kukaushwa na kupelekwa kwa watengeneza bia. Zilipokuja mashine mpya, yeye na wenzake wakapewa barua za kuachishwa. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake, Linda, ameolewa mbali, na simu zake ni za sikukuu.

Basi akakaa katika shamba alilolifungua babake, nje kidogo ya mji, upande wa mto Tana. Akapanda mahindi na migomba. Majirani zake walikuwa Waorma, watu wa ng'ombe na wa swala tano. Walimsalimu vizuri, wakapita. Hakuwa na ugomvi na mtu, ila siku nzima iliweza kwisha hajatamka neno baada ya salamu.

Mwaka jana, mwezi wa sita, simu yake ililia.

"Ni mzee Kalama? Shikamoo. Naitwa Winfred, natengeneza bia Malindi. Bia kidogo tu, mapipa machache. Namba yako nimepewa na mtu mliyefanya naye kazi."

"Marahaba. Una shida gani, mama?"

"Kimea, mzee. Ninachouziwa leo kizuri, kesho kibovu. Juzi bia ilitoka nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe. Nimeimwaga yote."

"Ulikitafuna kabla ya kukisaga?"

"Kutafuna?"

Kalama akacheka, akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Akamweleza kwamba punje nzuri huvunjika menoni kama biskuti, ndani nyeupe, tamu. Ikiwa ngumu kama kijiwe, haikuchipua vya kutosha, na utamu hautatoka hata uipike vipi. Ikinuka unyevu, irudishe kwa mwenyewe. Chachu nzuri haiwezi kuokoa kimea kibaya. Waliongea hadi salio la Winfred likaisha.

Tangu hapo alipiga kila Alhamisi. Siku hiyo Kalama alinyoa ndevu, ingawa hakuna aliyemwona, na simu aliipeleka mapema kuchajiwa.

Mwezi wa nane Winfred akaja na wazo. Atatuma shayiri mbichi, Kalama aitengeneze kimea hapohapo nyumbani. Kalama alilijua joto la Garsen. Alijua pia kwamba shayiri hutaka ubaridi wa chumba cha mawe huko bara. Akakubali.

Magunia mawili yalifika kwa basi. Akakihamisha kitanda, akafagia chumba cha nyuma chenye kuta nene za udongo, akatundika magunia matupu yaliyoloweshwa dirishani ili chumba kipoe. Akailoweka shayiri siku mbili, akibadilisha maji, kisha akaitandaza sakafuni.

Barwako, mama yake Dida, jirani anayemletea maziwa, akachungulia mlangoni. "Baba Linda, hiyo ni ngano?"

"Shayiri."

"Shayiri! Sisi Ramadhani tunaipika uji. Nitilie kidogo."

Angeweza kusema imeshalowekwa, yakaisha. Lakini mama huyu alimletea maziwa hata siku za mafuriko.

"Mama Dida, hii ni ya kutengenezea bia."

Barwako akaitazama ile shayiri, akautazama mtungi wake. "Haya," akasema. Akammiminia maziwa kama kawaida. Kesho yake aliyaacha kwenye ua, hakuingia.

Siku ya nne chumba kikaanza kunuka. Kalama alitia mkono katikati ya shayiri, ikamchoma kama uji uliotoka jikoni. Aliitandaza nyembamba zaidi, akaigeuza kila saa, magoti yakiuma. Haikusaidia. Punje nyingine zilikuwa zimetoa vichipukizi virefu nje ya ganda, nyingine zimelala ngumu vilevile, na pembeni ukungu wa rangi ya waridi ulikuwa umeanza kutambaa. Akaianika, akachambua yenye ukungu. Ilipokauka ikang'aa vizuri. Mtu asiyejua angeipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi ikafika.

"Nitume gari, mzee?" Winfred aliuliza kwa furaha.

Kalama aliitazama ile shayiri iliyoanikwa. Alijua akisema ukweli, pengine Alhamisi zitakwisha.

"Usitume. Joto limenishinda. Hii haifai."

"Yote?"

"Yote."

"Nimeshawaahidi watu bia ya kimea cha Tana."

"Waambie mzee ameshindwa."

"Sawa, mzee," Winfred akasema, na simu ikakatika.

Alhamisi iliyofuata simu haikulia. Wala ya pili. Kalama aliifukia ile shayiri chini ya migomba, kwa sababu hakuthubutu kuwapa hata mbuzi wa watu. Akarudisha kitanda chumbani. Harufu ilikaa wiki kadhaa.

Mwezi wa kumi basi likaleta bahasha yenye mifuko mitatu midogo ya kimea kutoka kwa wauzaji tofauti, imeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito. Hapakuwa na barua. Akatafuna punje moja moja, akiwa amesimama uani, kisha akampigia Winfred.

"Chukua namba mbili. Ya tatu nayo si mbaya, lakini imeingia unyevu njiani."

"Asante, mzee. Nilijua wewe hutanidanganya."

Winfred akapiga tena Desemba, nyuma yake pakiwa na kelele za watu na muziki. "Bia imetoka vizuri! Wanauliza nani alichagua kimea, nawaambia ni mzee mmoja yuko Garsen."

"Ina rangi gani?" Kalama akauliza. "Na povu, linakaa?"

"Nitakupigia mzee, nina wateja."

Alivaa viatu, akaenda mjini. Dukani wanaume wanne walikuwa wakibishana juu ya pampu ya maji iliyoharibika. Kalama alisimama pale, akitafuta mahali pa kuingiza habari ya ile bia, asipaone. Mwenye duka akamuuliza anataka nini. Akanunua chumvi, akarudi nyumbani.