Paa la Gari la Bayingana

Bayingana hakuwa amelewa. Waliosema alilewa walianza kusema hivyo msibani kwake, Kicukiro, mtaa wa Kigali, wakiwa wamekalia viti vyake na kushika soda za nyumba yake, tena kwa sauti ambayo mjane, aliyekuwa chumba cha pili, aliisikia neno kwa neno. Walisema mzee alikuwa amerudia chupa. Walisema gari lilinuka pombe hata waliofika kumtoa wakajiziba pua. Hilo la harufu ni kweli. Yaliyobaki si kweli, na Connie, mkewe kwa miaka thelathini na minne, alilijua hilo kabla hajapata ushahidi wowote.

Bayingana alikuwa mpima ardhi. Walioana Tabora, yeye akiwa na stashahada ya upimaji na Connie akiwa mwalimu wa shule ya sekondari, na mwaka wa tisini na tano wakarudi Kigali, katika nchi ambayo wazazi wao waliwasimulia tu. Tangu hapo alipima viwanja, mashamba na mabonde ya watu, na majirani waliogombania mpaka walimwamini kwa sababu hakutoa vyombo vyake kabla hajautembea mpaka huo mara mbili kwa miguu, mara moja kila upande. Ujanani alikunywa, tena sana. Connie hajawahi kulificha hilo. Lakini siku mtoto wao wa pekee, Sangwa, alipoanza darasa la kwanza, aliacha, na kwa miaka ishirini na tatu hakuonja hata divai ya kanisani.

Tatizo ni kwamba kazi yake ilifuatwa na pombe. Huko vilimani, majirani wakishapatana mpaka, humpa mpimaji galoni ya urwagwa, pombe ya ndizi waliyoitengeneza wenyewe. Kuikataa ni kama kuwaambia kwamba mapatano yao hayana maana. Kwa hiyo Bayingana aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kiti cha mbele kando yake, akaifunga mkanda isianguke, kisha akamwachia msaidizi wake wa siku nyingi, Cassien, ambaye hakuwa na ugomvi na pombe. Cassien alizoea kulalamika kwa watu kwamba bosi wake anaifunga galoni mkanda, yeye anamtupa nyuma pamoja na mizigo.

Gari lenyewe lilikuwa la kizamani, lile la kupandia milima linalovuta kwa magurudumu yote manne, kubwa kiumri kuliko Sangwa. Alilinunua kwa mradi wa maji uliokuwa unafunga ofisi. Lilikuwa refu kwenda juu, jembamba chini, na juu ya paa lilibeba keria ya chuma alikofunga vyombo vyake vya kupimia. Bayingana alilipenda kama mtu anavyompenda punda aliyezeeka naye.

Mwaka huu Sangwa akapata mchumba. Familia ilitakiwa kwenda kumwomba binti kwao, Huye, kwa msafara wa magari, na gari la kwanza katika msafara kama huo hutazamwa kabla ya watu walio ndani yake. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Connie na mumewe walilipeleka gari Gatsata, kwa Usumani, fundi wa bodi aliyelijua gari lile kuliko daktari anavyomjua mgonjwa wake. Walitaka linyooshwe na kupakwa rangi nyeupe.

Usumani alilizunguka, akasimama mbele, akachukua bisibisi na kuigandamiza kwenye nguzo ya upande wa dereva, pale kioo kinapokutana na paa. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Akaenda upande wa pili, ikazama vilevile.

"Mzee, hii iko imeoza ndani," alisema. "Maji inaingia chini ya mpira wa kioo, inakaa. Hata upande huu iko imeoza."

Bayingana aliuliza kama inatengenezeka. Usumani akasema inatengenezeka, ila atatoa kioo, akate nguzo zote mbili, achomelee chuma kipya, na hiyo ni kazi ya wiki nne. Connie akamkumbusha kwamba wana wiki mbili. Fundi akafikiri kidogo. Akasema basi anaweza kujaza mastiki kwenye matundu, akapiga msasa, akapaka rangi, na hakuna atakayeona.

"Lakini nawaambia wote wawili, msikie," akaongeza. "Paa ya gari hii haijishiki yenyewe. Inashikwa na hizi nguzo mbili. Zikioza, hilo si paa tena, ni kofia. Gari ikipinduka, kofia inalala."

Bayingana alimgeukia mkewe akasema kwa upole kwamba wangeweza kuliacha hapo wiki nne, wakaenda Huye kwa gari la Shyaka. Shyaka ni mdogo wake, mfanyabiashara mwenye duka Muhima, mtu ambaye hajawahi kuazimisha kitu bila kukitangaza. Connie aliona picha nzima mbele yake: Shyaka akiwa kwenye usukani wa gari la kwanza, Shyaka akishuka wa kwanza kwenye ua wa wakwe, na baba wa bwana harusi akishuka mlango wa nyuma kama mjomba aliyealikwa.

"Jaza, upake rangi," alimwambia Usumani. "Chuma kitangoja harusi ipite."

Fundi alimtazama Bayingana.

"Fanya anavyosema Mama Sangwa," alisema Bayingana.

Gari likatoka jeupe kama shuka mpya. Huye walitazamwa kama Connie alivyotaka, na wakwe walilisifu gari hadi Shyaka akakosa la kusema, jambo ambalo si la kila siku. Baada ya harusi Usumani alipiga simu mara tatu. Mara ya kwanza Bayingana alikuwa kazini Rulindo. Mara ya pili Connie aliipokea, akasema mwezi ujao. Mara ya tatu hakuna aliyeipokea wala aliyempigia baadaye. Gari linalong'aa hivyo, nani angelipeleka likakatwe?

Wiki ya kumi na moja baada ya rangi ile, mvua ilinyesha Rulindo tangu asubuhi. Saa nane mchana Bayingana na Cassien walikuwa wanashuka kilima, kazi imekwisha, vyuma vya kupimia juu ya keria, galoni ya urwagwa kwenye kiti cha mbele na kizibo chake cha gunzi, Cassien nyuma. Yaliyotokea Cassien mwenyewe alimweleza Connie hospitalini, mfupa wa bega ukiwa umevunjika na mkono umefungwa kifuani. Alisema walikuwa wanakwenda polepole kiasi kwamba angetaka angeshuka na kutembea kando ya gari bila kuachwa. Ukingo wa barabara ukamegeka chini ya gurudumu la kushoto. Gari likainama, uzito wa vyuma vya juu ukalivuta, likajigeuza mara moja tu, taratibu, likalala magurudumu juu kwenye shamba la viazi vitamu mita mbili chini.

"Mara moja, mama," alisema Cassien. "Mtu anaanguka hivyo kitandani. Nikasema moyoni, tumepona. Nikamwita mzee anisaidie kufungua mlango."

Nyuma paa lilikuwa limesimama. Mbele lilikuwa limeshuka hadi kwenye usukani. Galoni ilipasuka, na urwagwa ukamlowesha Bayingana kuanzia kifuani hadi kwenye soksi. Waliofika kwanza walikuta harufu, na hakuna aliyeona sababu ya kupima damu ya mtu aliyelowa hivyo. Habari ilifika Kigali kabla ya maiti.

Connie alimzika mumewe Ijumaa. Jumatatu alikwenda Gatsata, kwa sababu Sangwa alikuwa amelipeleka gari kwa Usumani bila kujua lolote. Alijua tu kwamba huyo ndiye fundi wa baba. Alilikuta kwenye kona ya gereji, limewekwa juu ya magurudumu yake, uso umebonyea. Usumani alimpa pole, akamletea kiti, kisha bila kuambiwa akabandua kipande cha rangi kwenye nguzo iliyokunjika. Chini yake mastiki ilikuwa nene kama kidole gumba, na chini ya mastiki hapakuwa na kitu. Kutu ilimwagika kama kahawa ya unga.

Connie alimuuliza kama mumewe angeishi endapo nguzo zingekuwa na chuma kipya. Fundi alijipangusa kutu mikononi. Alipobanwa alisema yeye si Mungu, ila Cassien alikuwa ndani ya gari hilohilo na yuko hai, na nguzo za nyuma yeye mwenyewe alizichomelea upya miaka sita iliyopita.

Hapo Connie akamwambia alichokuja kutafuta. Wiki ya msiba inaisha, Ijumaa familia inaondoa matanga, watu wote watakuwepo, na yeye anataka karatasi ya fundi inayosema kwamba Bayingana aliuawa na paa, si na pombe.

"Naweza kuandika, Mama Sangwa," alisema Usumani. "Lakini nikiandika, naandika yote. Nani alileta gari, mimi nilisema nini, na nani alisema jaza."

Connie akainuka kwenye kiti. Akasema hakuna haja ya karatasi, atasema kwa mdomo wake.

"Basi usinitupie mimi," alisema fundi. "Niko na watoto, na watu wa Gatsata wakisikia nimeua mzee, nani ataniletea gari?"

Akamwahidi. Ahadi hiyo Connie aliitimiza, na mtu asije akasema hakuitimiza.

Ijumaa ua ulijaa. Walikaa wapimaji wa zamani, walimu waliofundisha na Connie, wakwe kutoka Huye, na Pretty, mke wa Sangwa, ambaye alikuwa na mimba changa. Shyaka ndiye aliyeongoza. Alizungumza kwa huzuni ya mtu mwenye kaka, ila alipofika kwenye ajali alisema kwamba sote ni wanadamu, na kwamba mtu hulala na adui wake chumba kimoja kwa miaka mingi akidhani ameshahama. Watu wakainamisha vichwa. Kila mmoja alielewa adui huyo ni yupi.

Connie akasimama kabla hajapewa nafasi. Alieleza desturi ya galoni, akaeleza mvua na ukingo uliomegeka, akamtaja Cassien, ambaye alikuwa amekaa pale na mkono wake kifuani na akaitikia kwa kichwa. Alisema gari lilijigeuza mara moja kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kwamba mtu aliyekaa chini ya paa zima alipona, aliyekaa chini ya paa bovu akafa. Nguzo zilikuwa zimeoza, zikazibwa mastiki na kupakwa rangi. Fundi alionya. Fundi hana kosa, alifanya alichoagizwa.

Minong'ono ilipita uani, safari hii ya namna nyingine, na kwa kitambo Connie alihisi kwamba ameweza. Wapimaji walikuwa wanatazamana kwa aibu. Ndipo Shyaka akauliza, wala si kwa ubaya:

"Shemeji, fundi alionya. Sasa nani alimwagiza azibe?"

Connie alimwona Sangwa ameinua macho. Harusi ile ilikuwa yake, na rangi ile ilipakwa kwa ajili yake. Alimwona Pretty ameweka mkono tumboni. Aliwaona wakwe waliosifu gari. Sentensi moja tu ilihitajika, ya maneno matatu, na alikuwa nayo mdomoni.

Hakuitoa. Mzee mmoja wa viti vya mbele akapumua akasema, "Mwenye gari ndiye huagiza." Mwanamke nyuma yake akasema maskini, kumbe alijua, akapanda hivyo hivyo, na Cassien wa watu akiwa ndani. Mwingine akasema wanaume kwa ubahili, Mungu atusaidie. Sifa ya ulevi ilimtoka Bayingana mbele ya macho ya mkewe, na nyingine ikakaa mahali pake, na hii ya pili ilikuwa na mashahidi wawili tu wa kuiondoa. Cassien alifungua mdomo, akakumbuka hajui aliyeagiza ni nani, akaufunga. Usumani, aliyekuwa amesimama karibu na lango, alitazama chini kisha akatoka.

"Shemeji," alirudia Shyaka kwa sauti ndogo, "ni kaka mwenyewe?"

"Nimesema hakulewa," alijibu Connie. "Nililokuja kusema ni hilo. Zaidi ya hapo sisemi, si kwako wala kwa mwingine, na asiniulize mtu tena."