Ganda la Pili

Mume wangu ni fundi saa, na mjini wanamwita Risasi Moja. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani nimeolewa na jambazi. Ukweli ni kwamba mara moja kwa mwaka, msimu wa kuwinda unapofunguliwa, yeye huchukua kibali chake cha swala mmoja dume, huingia porini na bunduki aliyorithi kwa mjomba wake, na hurudi na nyama ya mnyama aliyeanguka kwa risasi moja. Amefanya hivyo miaka ishirini na tisa. Siku nyingine zote utamkuta kwenye kibanda chake mkabala na posta, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, saa za watu zimelala mbele yake matumbo wazi.

Mjomba hakumwachia bunduki tu, alimwachia na masharti. Usipige jike. Usipige mnyama anayetembea wala aliyekupa mgongo. Subiri asimame ubavu. Ukimjeruhi, huyo ndiye wako, mfuate mpaka umpate, na ukimkosa rudi nyumbani mikono mitupu, usiguse mwingine. La mwisho, ganda la risasi uliyopiga lirudi nyumbani, liwekwe mezani kando ya sufuria, ili anayekula ajue mnyama alikufaje. Mume wangu akaongeza sharti lake mwenyewe: siku atakayohitaji risasi ya pili, anaiweka bunduki chini. Hilo amelitangaza kila mwaka mezani kwangu, mbele ya ndugu na jirani, kijiko mkononi.

Mimi kazi yangu ni cherehani, si uwindaji, lakini nyama naijua. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyeikata, nikaipika, nikachemsha mifupa supu mpaka ikabaki myeupe. Mnyama aliyeanguka papo hapo nyama yake ina rangi moja, na kwa saa mbili jikoni imeiva. Aliyekimbia na maumivu, nyama yake huwa nyeusi, kavu, na sufuria utaichochea mpaka uchoke.

Mambo yalianza na taa. Mwaka jana mwishoni alibadilisha balbu ya kibandani kwake mara tatu, akisema balbu za siku hizi hazina nguvu. Kisha asubuhi moja aliingia chumbani kwangu cha kushonea, akalisalimia lile sanamu ninalopimishia magauni. "Karibu mama, kaa, mwenyewe anakuja." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nikamwambia aende akapimwe macho, akasema ni vumbi tu. Nami sikumkazania, na sababu naisema bila kuficha: nilikuwa nalipenda lile jina. Sokoni nilikuwa mke wa Risasi Moja, nikichaguliwa nyanya za juu ya fungu. Mtu hukizoea kitu kama hicho.

Msimu ulipofunguliwa aliondoka alfajiri, koti lake la kuwindia likiwa limetoboka mfuko wa kulia. Nililiona tundu lile akiwa tayari amepanda pikipiki, likanikera siku nzima. Mtu mwenye fundi cherehani nyumbani anatembea na matundu!

Alirudi alasiri akiwa amechoka kuliko kawaida yake. Swala alikuwa dume, kibali kimegongwa mhuri na askari wa getini, kila kitu sawa. Ila paja la nyuma halikuwa zima. Alikuwa amekata pande kubwa na kulitupa.

"Hapo damu iliganda," alisema kabla sijauliza. "Haifai kuliwa."

Akaenda kuoga. Nikalichukua koti nikaketi nalo kwenye cherehani. Ganda la risasi yeye hulitia mfuko wa kifuani wa shati, mfuko wenye kifungo niliomshonea kwa kazi hiyo, na shati alikuwa ameingia nalo bafuni. Kwa hiyo sikutegemea kitu kwenye koti. Nilipougeuza ule mfuko uliotoboka, nikahisi kitu kigumu ndani ya bitana, kimeteremka mpaka kwenye pindo. Nikafumua nyuzi mbili tatu. Lilikuwa ganda la risasi, bado linanuka baruti.

Nilikaa nalo kiganjani maji ya bafuni yakiendelea kumwagika. Kisha nikalitia kwenye mkebe wangu wa vifungo, nikaushona mfuko, nikalirudisha koti msumarini. Nilijiambia nimwache aseme mwenyewe. Mtu mzima hatolewi neno kwa kibano.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kula. Walikuja wawili tu: shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, dereva mstaafu aliyebakiwa na meno ya kuhesabika, na jirani yetu muuguzi, mwanamke asiye na simile. Nyama nilikuwa nimeiinjika tangu asubuhi. Saa mbili zikapita, ikawa tatu, ikawa nne, na bado uma unagoma kuingia. Mwishowe niliitoa hivyo hivyo kwa sababu watu wana njaa.

Mume wangu akafungua kifungo cha shati, akatoa ganda, akaliweka kando ya sufuria. Moja. Niliutazama ule mkono mpaka ukarudi mapajani. Yale maneno yake ya kila mwaka hakuyasema.

"Ng'ombe hazeeki maini!" shemeji akapiga makofi. "Kaka, miaka ishirini na tisa, na bado moja!"

"Kula, chakula kinapoa," mume wangu alisema.

Muuguzi akatafuna, akatafuna tena, akanitazama. "Jirani, leo gesi ilikuishia?"

"Swala alikuwa mkaidi," nikajibu.

Hapo nikawa nimemfunika, bila hata kuombwa. Mimi sikula. Nilisema tumbo linanisumbua, nikainuka kwenda kupanga sahani ambazo hazikuhitaji kupangwa. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuipindua ile sufuria. Kukosea shabaha si dhambi, kila mtu hukosea. Mimi mwenyewe nimewahi kumshonea bwana mmoja suruali yenye mguu mmoja mrefu. Kilichonichoma ni kwamba alikichukua chakula changu, nilichokisimamia saa nne, akakifanya cha uongo.

Siku tano zilizofuata tuliishi kwa adabu kama wapangaji wawili. Kila nilipofungua mkebe kutafuta kifungo, ganda lile liko, limejilaza katikati ya vifungo vya mashati. Jumatano nililishika nikaenda nalo mpaka kwenye pipa la taka. Ningelitupa, jina lingebaki, nyanya za juu zingebaki, na mwakani angeingia tena porini na macho yale. Nikafikiria mnyama wa mwakani. Nikalirudisha mkebeni.

Ijumaa asubuhi akaja chumbani kwangu na fomu mkononi. Kila mwenye kibali lazima airudishe ofisi ya wanyamapori ndani ya wiki moja, imejazwa.

"Mama watoto, hebu nijazie. Maandishi ya serikali siku hizi wameyafanya madogo."

Nikavuta kiti, nikachukua kalamu. Nikamsomea, akajibu, nikaandika. Mnyama: swala. Jinsia: dume. Mahali: bonde la chini, ng'ambo ya mto. Nikafika mstari wa sita.

"Idadi ya risasi zilizotumika," nikasoma.

Nje mtu alikuwa anafagia, nikawa nasikia ufagio tu. Sikumsaidia. Kalamu niliishika juu ya karatasi, na nakiri niliogopa, kwa sababu nilijua akisema moja nitaandika moja, na baada ya hapo sijui ningemwitaje mtu yule.

"Andika mbili," akasema.

Nikaandika. Kisha nikavuta mkebe, nikachakura chini ya vifungo, nikaliweka ganda juu ya fomu. Akaliinua karibu kabisa na jicho, kama afanyavyo na gurudumu la saa.

"Ulilipata wapi?"

"Kwenye bitana. Mfuko wako ulitoboka, nikaushona."

"Lini?"

"Siku ile ile, ukiwa unaoga."

Akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Jumapili kabla ya kuja mezani nililitafuta, wallahi. Nilitia mkono mfukoni, hamna. Nikasema limeanguka njiani." Kicheko kikaisha. "Na unajua nini? Nilishukuru. Nilisimama pale kwenye msumari nikashukuru."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ganda alilitafuta, nami nilikuwa nalo. Ningeliacha kwenye koti, labda angeliweka mezani mwenyewe, labda asingeliweka. Wote wawili tulikuwa tumetegana na kufichiana kwa wakati mmoja, na katikati yetu watu wakala.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

Akaniambia. Swala alisimama mbele ya kichaka, naye akaona ubavu, ubavu kabisa, akapiga. Haukuwa ubavu. Nusu ya kile alichokiona kilikuwa kivuli, na mnyama alikuwa amempa mgongo. Risasi ikaingia pajani. Alimfuata saa tatu, mara nyingine akipiga magoti kutafuta damu kwenye majani, kwa sababu akiwa amesimama haioni.

"Nilimkuta amelala. Hatua kumi hivi. Pale nilimwona vizuri sana, mama watoto. Alikuwa ananitazama." Akaliweka ganda mezani, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Saa tatu. Kwa ajili ya jina."

"Na mimi nilikwambia ukapime macho mara moja tu," nikasema. "Mtu anayetaka kweli husema mara kumi."

Siku hiyo hiyo tulikwenda wote wawili kuirudisha fomu. Kutoka hapo tukapitia kituo cha polisi na bunduki, imefungwa ndani ya shuka, tukaikabidhi kwa maandishi. Askari wa zamu aliuliza kama inauzwa. Mume wangu akasema hapana, imestaafu.

Jumapili iliyofuata nilitoa kwenye friza nyama iliyobaki, nikawaita shemeji na muuguzi tena. Shemeji alipopiga simu kuuliza kama ni ile ile, nikamwambia aje na meno yote aliyonayo. Niliiinjika mapema zaidi, nikaipika saa tano, na haikulainika.

Mume wangu akafungua kifungo cha shati. Akaweka ganda la kwanza kando ya sufuria. Akaweka la pili.

"Wiki iliyopita niliwaficha," alisema. "Risasi ya kwanza ilimpiga pajani. Alikimbia saa tatu. Ndiyo maana mnatafuna hivi. Bunduki nimeiweka chini."

Shemeji alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye sahani, akaurudisha. Muuguzi ndiye aliyetangulia kusema.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Huo ni mtoto wa jicho, nilishaona unavyoshika kikombe. Jumatatu kliniki ya macho. Foleni nitakuwekea mimi, na usipokuja nitakufuata kibandani kwako mbele ya wateja."

"Nitakuja."

"Sasa kaka," shemeji akadakia, "tukuite Risasi Mbili?"

"Niite fundi saa. Ndiyo kazi iliyobaki."

Wakacheka, naye akacheka, lakini nilimwona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikiyasogeza yale maganda mawili yakae sawasawa, ubavu kwa ubavu. Kisha akaisukuma sufuria upande wangu. Hakuniuliza kama tumbo limepona. Alijua tangu Jumapili ile kwamba halikuwa na ugonjwa wowote.

"Mama watoto leo atakula nasi?" akauliza.

Nikachukua kijiko. Nyama ilikuwa ngumu, nyeusi, inakwama kwenye meno. Nilijipakulia mara mbili.