Rafu ya Anzauni

Marehemu mume wangu, Jonah Ndululu, alikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka ishirini na minane. Alipokea faili, akaziweka mahali pake, akazitoa zilipoitwa. Ninaandika habari zake kwa sababu hapa Nunguni bado kuna watu wanaosema alikula mbuzi ili aifiche faili ya mjane. Wengi wao niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe. Basi na wasome.

Majina yetu Wakamba hujirudia. Katika masjala moja walikuwemo akina Nzioka Muthama kumi na mmoja, kila mmoja na kesi yake ya shamba. Mzee akifika kutoka mbali, namba ya kesi haikumbuki na karatasi ameiacha nyumbani, lakini ukoo wake anaujua. Kwa hiyo Jonah alipanga faili za ardhi kwa ukoo. Aombe walikuwa na rafu yao, Atangwa yao, na Anzauni walikuwa karibu na dirisha. Namba ilikuwa kwenye jalada kama kanuni ilivyotaka, ila mkono wake ulifuata ukoo. Mahakimu waliohamishiwa hapo kutoka sehemu nyingine walimcheka, kisha wakazoea, maana faili ilifika mezani kabla mwenye kesi hajamaliza kusalimia.

Mwaka wa 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda mahakama ya mazingira na ardhi, na mabaraza ya wazee yaliyokuwa yakiamua kesi za mashamba yakavunjwa. Jonah aliisoma sheria hiyo yote mezani kwetu, akipiga mistari kwa penseli. Aliiunga mkono. Alikuwa amewaona wazee wa baraza wakiamua kesi za ndugu zao wenyewe. Jambo moja tu lilimsumbua.

"Mwalimu," aliniambia, "wameandika vizuri nani atahukumu. Hawajaandika nani atabeba faili."

Aliyebeba alikuwa yeye. Miaka ilipita kabla ya mahakama ya aina hiyo kufunguliwa karibu nasi, na siku ilipofunguliwa, naibu msajili alimpa orodha ya majina na wiki mbili. Kesi zote za ardhi zihamishwe.

Katika orodha hiyo alikuwemo Kalekye, mjane asiye na mtoto kutoka upande wa Matiliku. Alikuwa amemshtaki shemeji yake, Nzioka, aliyetaka kuuza shamba la marehemu. Mahakama ilikuwa imetoa amri ya zuio: asiuze mtu, asizungushe mtu ua, mpaka kesi iamuliwe. Jonah alimtafuta kwenye rafu ya Aombe, ukoo wa mumewe, kwa sababu kwetu mwanamke aliyeolewa ni wa ukoo wa mumewe. Faili haikuwepo. Shehena ya kwanza ilikuwa imeondoka siku mbili kabla, ikipakiwa na makarani wengine, na Jonah akaamini kwamba ilikwenda nayo. Akaandika kando ya jina: imehamishwa.

Hilo ndilo kosa lake. Sina haja ya kulipunguza.

Miezi minne baadaye alistaafu. Mwezi huohuo Kalekye alikwenda kwenye mahakama mpya kuuliza tarehe ya kesi yake, akaambiwa hapo hakuna kesi yake. Nzioka alipata habari hizo upesi. Alikuja na mnunuzi, nguzo na seng'enge. Kalekye alikimbilia kituo cha polisi na nakala ya ile amri, iliyochakaa kwenye mikunjo. Polisi walipiga simu kwenye mahakama mpya, wakajibiwa kwamba faili ya namba hiyo haijulikani. Nyumba yake ilibomolewa asubuhi moja, na yeye amesimama barabarani na godoro. Akaenda kupanga chumba mjini Wote.

Wiki hiyohiyo wakwe zetu walileta mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao upande wa kijana huwaleta ili binti ahesabiwe ameposwa. Walikuwa wa Wavinya, binti yetu wa mwisho. Walishushwa kwenye pikapu mchana kweupe, jirani zetu wakiona. Kufikia Jumamosi soko zima lilikuwa limeshaamua mbuzi wale wametoka kwa nani.

"Karani!" mama mmoja wa mboga alimwita. "Leo umeficha nini huko? Faili iko chini ya kabeji?"

"Mpimie vizuri huyo," mwenzake akadakia. "Amezoea kula mbuzi, mboga hazimshibishi."

Walicheka. Jonah alilipa, akapokea kabeji yake kwa mikono miwili, akasema asante. Nilitaka kurudi niwaambie ukweli wao. Akanishika kiwiko.

"Kwanza tuitafute," alisema.

Tulikwenda Wote, mimi na yeye. Kalekye hakutukaribisha. Alisimama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliye katikati ya kufua.

"Umekuja kuniangalia?"

"Mwaitu, nimekuja kukuuliza neno moja," Jonah alisema. Kwa Kikamba mwaitu maana yake "mama yangu", na alimwita hivyo ingawa walikaribiana umri. "Siku ile ya kwanza ulipoleta kesi, karani alikuuliza wewe ni wa nani. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mimi ni wa Anzauni."

"Huo ni ukoo wa baba yako."

"Sasa ulitaka nijiite wa nani? Aombe walikuwa wamenitupia sufuria nje jana yake!"

Jonah alivua kofia. Karani aliyemuuliza siku ile alikuwa yeye mwenyewe, na alikuwa amesahau.

Naibu msajili alimruhusu aingie masjala yake ya zamani. Haikuchukua dakika kumi. Faili ilikuwa kwenye rafu ya dirishani, kwa Anzauni, amri ya zuio ikiwa ndani na mhuri wake unasomeka.

Ili kesi ifufuliwe, mtu alipaswa kula kiapo kwa maandishi kueleza faili ilikuwa wapi na kwa nini. Naibu msajili alisema ingetosha kuandika kwamba imepatikana katika upangaji wa kawaida. Nami nilimshauri Jonah akubali hivyo. Nilifikiria jina letu na harusi ya Wavinya.

"Mwalimu, hebu fikiri," alinijibu. "Nikisema imepatikana tu, watasema nililipwa kuificha, sasa nimelipwa kuitoa."

"Na ukisema ulikosea?"

"Watasema nilikosea. Ni kweli."

Akaandika kurasa mbili kwa mkono wake: rafu, ukoo, lile neno "imehamishwa" aliloandika bila kuhakikisha, tarehe. Akaongeza aya moja kuhusu mbuzi watatu na jina la mkwe wetu. Akaapa.

Mahakama ilirudisha kesi na kutoa tarehe, miezi saba mbele; mpaka siku hiyo seng'enge ilibaki pale pale. Kalekye hakuifikia. Kifua kilimshika katika kile chumba cha Wote, akafa kabla ya mvua za Novemba. Alikuwa ameomba azikwe kando ya mumewe, lakini kaburi la mumewe lilikuwa ndani ya seng'enge, na Nzioka alikataa kufungua. Ndugu zake wa kuzaliwa ndio waliomchukua. Alizikwa kwa Anzauni.

Jonah alichimba kaburi pamoja nao, na umri wake ule. Nyumbani alinawa mikono muda mrefu, akasema, "Nilimtafuta kwa Aombe." Yeye mwenyewe alitutoka Machi iliyofuata, moyo.

Kesi ya mtu aliyekufa hungoja mwaka mmoja. Mtu asipojitokeza kuiendeleza kwa niaba yake, inakufa pia. Kalekye hakuwa na mtoto, na kaka zake walisema hawana nguvu za korti. Mwaka ulikwisha. Leo shamba lile lina pojo za mnunuzi.

Siku ya kumzika Jonah, mchungaji alinishauri wasifu uguse kanisa na familia tu, tusichokoze maneno. Nilimshukuru. Zamu yangu ilipofika nilitoa mkobani nakala ya kile kiapo, nikakisoma chote, kurasa zote mbili, pamoja na ile aya ya mbuzi. Wale akina mama wa mboga walikuwa safu ya nne. Nilisoma polepole, kama darasani, nikafikia sahihi, nikakikunja.

Kisha nikawaambia wachimbaji waendelee.