Peremende Kumi kwenye Sufuria

Miaka ile maduka ya Arusha yalijaa ghafla. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilipatikana kwa rangi nne, na sisi tuliozoea kukosa tukaanza kupata tabu ya kuchagua. Mke wangu hakuwa na tabu hiyo. Alikuwa akitibiwa saratani ya titi kwa dripu, na karibu kila alichokula kilirudi. Daktari alisema wazi: uzito ukishuka chini ya kilo hamsini, dozi inayofuata itaahirishwa. Mizani ilikuwa imesoma hamsini na moja.

Mimi ni mtunza stoo. Kazi yangu ni kutafuta kitu kwa jina lake na kukitoa. Kwenye meza ya vitabu vya mtumba nilipata kitabu cha Kiingereza kuhusu harufu zinazotuliza kichefuchefu. Kilisema mgonjwa avute mvuke wa maji yenye matone matano ya mafuta ya mmea ambao sikuujua. Kamusi iliujua: peremende. Nilishangaa kidogo kwamba Wazungu wanakamua pipi, lakini kamusi ile haikuwa imewahi kunidanganya. Nikanunua paketi dukani, mtaa wa Elerai. Kitabu hakikutoa uwiano, nikakadiria pipi mbili kwa tone, nikachemsha kumi na kuandika saa kwenye daftari.

Mke wangu alijifukiza chini ya khanga kwa dakika mbili.

"Profesa," akasema kutoka humo ndani, "unanitibu au unapika kashata?"

Sukari ilikuwa imeshika chini na kuungua. Akatoka mbio kwenda kutapika. Niliandika: hakuna nafuu.

Wiki ile ile mwenye duka moja la watalii alinieleza, bila kucheka sana, kwamba peremende ya kitabuni ni mmea wa jamii ya nanaa, na mafuta yake anayo. Kichupa kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha gumba. Mke wangu alikinusa mara moja.

"Dawa ya meno," akasema, akageukia beseni.

Nikafunga daftari.

Siku ya dozi tuliketi kwenye benchi la hospitali, tukisubiri mizani. Nilimwona akifungua ncha ya khanga. Ndani yake mlikuwa na peremende zilizobaki kwenye paketi. Hakula hata moja. Alifunua karatasi, akanusa, akaifunga tena.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu ulipoacha kunipikia. Juzi nimemaliza bakuli la mtori. Hukuandika."

Mizani ilisoma hamsini na nusu.

"Mama, safari hii umetumia nini?" daktari akauliza.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya mvuke, matone na uwiano.

"Pipi, daktari," akasema mke wangu. "Mume wangu alizifanyia utafiti."

Dozi haikuahirishwa. Muuguzi alipokuwa akitafuta mshipa, mke wangu alinusa peremende yake, akanigeukia.

"Na ile sufuria, baba, umeshaisugua?"

Sikuwa nimeisugua.