Niliandika Nchi Jirani, Mjomba Alisema Ng'ambo

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Kalamu niliishika mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimevuka miaka arobaini, nimeishi Mtwara, Mafia, Tunduru, na kote huko niliota harufu ya mpunga wa delta ya Rufiji. Basi watafiti wa silaha za magendo zinazovuka mpaka walipotafuta mtu wa kidato cha nne anayejua Kindengereko, lugha ya kwetu, nilishukuru mno. Nilikuwa narudi nyumbani!

Kazi ilikuwa kujaza fomu. Nyumba hii ina silaha? Ilitoka wapi? Pa kuweka tiki palikuwa pawili tu: "humu nchini" au "nchi jirani".

Mjomba wangu, kaka yake mama, analima karibu na Mtawanya. Alinitolea gobore lake kuukuu la kufukuzia nguruwe pori.

"Hili nalo mnaliandika?" akacheka. "Likilia, nguruwe anasimama, mimi ndiye naanguka!"

"Ulilipata wapi, mjomba?"

"Ng'ambo."

Jamani! Kwetu ng'ambo ni upande wa pili wa mto. Unapanda mtumbwi, unashuka, umefika ng'ambo. Nalijua hilo tangu utotoni. Na nyumba nyingi zilinijibu vivyo hivyo.

Msimamizi wangu, mgeni wa huku, akachungulia fomu. "Ng'ambo si nje ya nchi? Weka tiki nchi jirani. Naona ziko nyingi, vizuri sana!"

Nilitaka kumsahihisha. Alishaniahidi kunichukua kwenye kazi ya mpakani, na miguu yangu ilikwisha kuanza kuwasha kwa hamu ya safari. Nikaogopa kuonekana mbishi. Nikatia tiki. Nyumba kwa nyumba, tiki!

Ripoti ikatoka. Nikiwa mbali, nikasikia redioni kwamba silaha nyingi za vijiji vyetu zinaingizwa kutoka nje. Mpaka gani? Zilivuka mto!

Msako wa polisi ukafuata. Mjomba alichukuliwa shambani asubuhi, akahojiwa majuma mazima ataje wageni wanaomletea silaha. Angemtaja nani, masikini?

Alipoachiwa, alikuwa na hakika moja: amechongewa na jirani yake, Mzee Omari, rafiki yake wa tangu jando. Mzee Omari alituma watu, akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Mjomba hakutaka kusikia. Wakaacha hata kusalimiana.

Nami nilijua ni tiki zangu! Nilipiga simu mara nyingi nikitaka kusema, nikaishia kuuliza habari za mvua.

Mwaka huu Mzee Omari alifariki. Mjomba hakwenda kumzika. Niliposikia hivyo, nilisafiri, nikamkuta mjomba anapalilia. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Alisimamisha jembe. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "mimi unaniambia ya nini? Kamwambie Omari."

Wenzangu mnaozunguka na fomu, jibu la mtu likikosa pa kuandikwa, semeni palepale, hata kama mtafukuzwa kazi. Na mkishakosea, msingoje kama mimi. Nilikwenda makaburini kweli. Nimesema kila kitu mbele ya udongo mbichi, na hakuna aliyeniitikia.