Celina hasemi, hata kwa kutishiwa kunyang'anywa chumba

"Ni Kantilal! Nakuambia ni mume wangu huyo!"

"Mama Manan, punguza sauti. Mzee Kantilal akae analia dakika hamsini nzima? Bando lake analionea huruma kuliko macho yake!"

Ni saa tano kasoro robo asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo moja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Bharti, mwenye nyumba, ndiye huyo Mama Manan, amesimama koridoni mikono kiunoni. Anayemjibu ni Shaibu, fundi cherehani anayeshonea hapo hapo koridoni, amesimamisha mashine asipitwe na neno. Mlangoni yupo Celina Mushi, mwanasaikolojia mwenye miaka 37, hedifoni shingoni.

Celina huhudumia watu wazima, mmoja mmoja, kwa vikao vya dakika hamsini mtandaoni. Sauti ya mteja anaisikia yeye peke yake. Ya kwake ndiyo inayovuja ukutani, kwa hiyo majirani husikia nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili wanaitunga wenyewe.

Jana ilivuja hii: "Na alipokufokea mbele ya wateja, uliumia wapi?"

"Jumanne nilimfokea dukani, wateja wamejaa," Bharti anasema. "Tangu hapo anajifungia stoo na simu, anatoka macho mekundu. Eti anaangalia kriketi! Kriketi gani inamliza mtu?"

"Timu ikichapwa inaliza, mama," anadakia Shaibu.

"Wewe shona! Celina, sema moja. Ni yeye, si yeye? Usiposema, mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

"Mama, sisemi. Leo nikisema si huyu, kesho mtaniuliza yule. Siku nitakayonyamaza, nitakuwa nimeshamtaja."

"Chumba, Celina."

"Nimesikia, mama. Nina mtu saa tano." Anafunga mlango taratibu.

Kitisho hicho si cha kuchekea. Chumba chake cha kwanza kilikuwa juu ya soko la Mchikichini. Mteja wa Mwanza anasimulia kifo cha mama yake, huku chini muuza mitumba anapasua koo: "Mia tano! Mia tano!"

"Akaniuliza, 'Dada, hiyo ndiyo bei yangu?'" anakumbuka Celina. "Tukacheka wote wawili, ndipo akaweza kulia. Lakini wiki ile ile nilihama."

Bei yake ni shilingi elfu thelathini kwa kikao, na elfu kumi kwa aliyebanwa kifedha. Alianza na wateja wawili, mmoja wao binamu wa rafiki yake, tena alianza kwa kulazimishwa. Sasa wapo kumi na wanane, kuanzia Tunduma hadi Muscat.

Hana dawa moja ya watu wote. Anachanganya mbinu kulingana na aliyeko mbele yake. "Mmoja tunapekua mawazo yake ya leo. Mwingine tunarudi mpaka utotoni. Mwingine hajalala siku nne, huyo tunaanza na kupumua tu. Utoto wake utatusubiri."

Ndoto yake ni kukodi vyumba viwili mtaa wa Gerezani, kuta azizibe kwa magodoro, na awafundishe kazi vijana wawili. Kwa sasa ana hiki kimoja, na huenda hata hicho hana.

Saa sita kasoro dakika kumi anafungua mlango. Bharti bado yupo, ila mikono imeshatoka kiunoni.

"Hata kwa chumba hujasema?"

"Sisemi, mama."

"Huyu Shaibu, kwa kikombe cha chai tu, amenimalizia siri za ndoa tatu za ghorofa hii." Anasogea, sauti inashuka. "Na mimi nikikuambia yangu, Kantilal akija kuuliza?"

"Nitamjibu hivi hivi."

Bharti anashusha pumzi. "Basi kaa. Chumba ni chako. Niandike, kesho saa nne."

"Jirani simhudumii, mama, tena mwenye nyumba! Nitakupa namba ya mwenzangu wa Dodoma. Mtaongea kwa simu, wewe mlango umefunga."

"Dodoma? Afadhali, hanijui. Na kula na jirani, kazi yako inakataza?"

"Kula haikatazi."

"Basi ingia kwangu, dengu iko mezani, chapati zangu za rotli zinapoa. Na wewe Shaibu, acha kutega sikio huko, njoo ule. Angalau mdomo wako utapata kazi nyingine."